Wakuu, sisi tuliojiajiri bima ya afya tunaipata wapi? Mwenzangu anakatwa kwenye mshahara, mimi anikate nani?

#1 Mchomeleaji wa Buza

Habari za jioni wakuu.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea hapa Buza, Dar es Salaam. Mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma msimu wa shule za bweni. Nina vijana wawili wa kunisaidia. Mke wangu anakaanga mihogo asubuhi hapo hapo mbele ya fremu. Tuna watoto watatu.

Mwezi wa tatu usiku mke wangu alishikwa na tumbo. Tukamkimbiza hospitali moja ya binafsi kwa kuwa ndiyo ilikuwa jirani. Daktari akasema ni kidole tumbo, hakingoji asubuhi. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji nikaambiwa niweke hela kwanza. Mfukoni nilikuwa na 80,000, na humo 60,000 ilikuwa advansi ya mteja ya kununulia bomba. Nilipiga simu mpaka saa tisa usiku. Shemeji katoa, jirani katoa, kijumbe wa mchezo akanipa zamu ambayo haikuwa yangu. Mke amepona, namshukuru Mungu. Lakini hesabu ya mwisho ilifika 1,300,000, na ili nirudishe hela za watu niliuza mashine yangu kubwa ya kuchomelea. Sasa nakodi ya mwenzangu, nalipa kwa siku.

Kilichonikaa moyoni ni kitanda cha pili wodini. Alilazwa mwalimu, upasuaji ule ule, usiku ule ule. Mume wake alitoa kadi dirishani, akasaini, akarudi kukaa na mkewe. Mimi nilikuwa nje napiga simu. Sikumwonea wivu, yule mama anastahili. Nilijiuliza tu, yeye anafanya kazi, na mimi nafanya kazi.

Dai langu ni hili: bima yetu imeshonwa kwa kipimo cha mtu mwenye mwajiri. Mtumishi hakai akawaza bima. Anakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3, hela inafika mkononi kazi imeshakwisha. Mimi natakiwa nitoe yote mwenyewe, ya mwaka mzima, kwa mkupuo, pengine mwezi ambao sina oda hata ya geti moja.

Wewe uliyejiajiri na una kadi, uliipata wapi na unailipaje?

#2 Kahawa Chungu

Pole sana mkuu, na shemeji apone kabisa.

Mimi nina miaka 41, sijawahi kulazwa. Hela ya bima naiweka mwenyewe kwenye simu. Nikiumwa natoa, nisipoumwa ni yangu. Bima usipoumwa imekwenda.

#3 Dada Cherehani

Pole kaka. Mimi ni fundi nguo Morogoro, nina CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Nilipojiandikisha ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Yule mwandikishaji ana simu, anakuja mpaka nyumbani, anawapiga picha wote, unapewa namba. Mwanangu wa pili ana pumu, kwa mwaka tunakwenda kituo cha afya mara nane au tisa, na mara mbili amepewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Kwa hiyo 30,000 mimi imenilipa.

Ila nisikudanganye. Ni vituo vya serikali tu, na mwisho wake ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Muhimbili haikufikishi. Ile hospitali ya binafsi ya usiku ule isingekupokea na kadi hii. Na dawa zikiisha kituoni unaandikiwa karatasi, unakwenda duka la nje kwa hela yako.

#4 Boda Kirumba

Wakuu, sisi madereva wa boda hapa Mwanza tuliingia kama kikundi. 76,800 kwa kichwa kwa mwaka, kadi ya NHIF kabisa, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mtoa mada unda kikundi, kajiandikishe.

#5 Karani wa Hesabu

@Boda Kirumba huo mpango uliitwa KIKOA, na bei ilikuwa hiyo hiyo 76,800. Ulikuwa wa vikundi vilivyosajiliwa, mama lishe, machinga, bodaboda. Wakulima nao walikuwa na Ushirika Afya, uliozinduliwa 2018, wakipitia vyama vya ushirika. Lakini usimtume mtu leo akaulize KIKOA. Novemba 2019 vikaja vifurushi vya mtu mmoja mmoja, Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, bei ikifuata umri na ukubwa wa familia. Cha chini kabisa kilikuwa 192,000, kijana wa miaka 18 hadi 35 akiwa peke yake. Hayo majina nayo yamepita. Baada yake vikaja Ngorongoro Afya na Serengeti Afya.

Mtoa mada, kwenye historia uko sahihi. Sheria ya Mfuko ni ya 1999, kazi ilianza 2001, na walioanza nao walikuwa watumishi wa serikali. Sisi wengine tumekuja kuongezwa baadaye, kila mara kwa mlango mwingine.

#6 Mpiga Picha wa Harusi

Subirini kwanza, si NHIF imefutwa? Nilisikia redioni kabisa, imefutwa na kuna kitu kipya.

#7 Boda Kirumba

Mpiga picha, hiyo redio ilikuwa inashika Nairobi 😂

#8 Mtumba wa Gikomba

Salamu kutoka Nairobi. Ni kweli, hiyo iliyofutwa ni yetu. Nchi zote mbili zilikuwa na NHIF, jina moja. Yetu ilianzishwa 1966, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake kuna SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii.

Ndugu wa Buza, naona tunalia kilio kimoja. Zamani mtu asiye na payslip alilipa 160 kwa mwezi, toka 2015 ikawa 500. Ilikuwa shilingi zetu za Kenya, lakini muhimu ni kwamba ilikuwa kwa mwezi. Sasa mwenye ajira anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Sisi wa jua kali tunaulizwa maswali: paa lako ni la nini, ukuta, choo, taa unatumia gani, una ng'ombe wangapi. Majibu ndiyo yanapiga hesabu ya mapato yako. Kisha unatakiwa kulipa ya mwaka mzima mbele, yaani hata yule wa 300 anatafuta 3,600 mara moja. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa mchango wa mwaka halafu unarudisha kidogo kidogo.

Mimi chama chetu cha wauza mitumba kiliamua hivi: kila Jumamosi kila mtu anaweka kitu kwa ajili ya SHA peke yake, hakiguswi kwa matanga wala harusi. Mwezi ukifika tunamlipia mmoja mmoja kwa zamu. Tuko kumi na wawili.

#9 Mchomeleaji wa Buza

Asanteni wote. Mtumba wa Gikomba hapo kwenye zamu umenigusa, nitarudi.

@Kahawa Chungu kaka, nakuelewa, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Nilikuwa na hela kwenye simu, siyo kwamba sikuweka. Januari ilikwenda ada, Februari mwenye fremu alitaka kodi ya miezi sita. Mwezi wa tatu ugonjwa unabisha hodi, simu iko tupu. Hela ambayo mkono wako unaifikia haijui kwamba ni ya hospitali.

#10 Wakala Mwema

Habari wakuu. Nafanya kazi ya uwakala wa bima, sitaitaja kampuni maana sikuja kuuza.

Mtoa mada anasema tatizo ni kukosa mwajiri wa kukukata. Mimi naona tatizo ni la hesabu. Bima ni watu mia wanaoweka ili watano watumie. Ukiajiriwa unakatwa uwe mzima, uwe mgonjwa, hakuna anayekuuliza. Anayejiajiri anachagua, na anachagua lini? Akishaona dalili. Mke ana ujauzito, ndiyo anapiga simu. Daktari kasema sukari, ndiyo anakuja na pasipoti saizi mbili. Angalieni Toto Afya Kadi, ile ya NHIF ya watoto, ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, na gharama zikapita michango mbali sana. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, wakaambiwa wapitie shuleni, darasa zima kwa pamoja, ili wazima na wagonjwa wachanganyike. Baadaye kadi ikarudi.

Ndiyo maana kampuni za binafsi zinapenda kundi. Mtu mmoja ataulizwa umri, ataulizwa magonjwa aliyonayo, atawekewa muda wa kusubiri. Haina uhusiano na roho mbaya.

#11 Mama Wawili

Muda wa kusubiri hapo umenikumbusha machungu. Nina duka la vipodozi Arusha. Nilikata bima kampuni moja ya binafsi, nikalipa yote, miezi mitano baadaye nikapata ujauzito. Kufika kliniki naambiwa uzazi unaanza kulipiwa baada ya miezi kumi na miwili. Imeandikwa ukurasa wa nne, herufi za mchwa. Aliyeniuzia alinisomea ukurasa wa kwanza tu, ule wenye picha ya familia inacheka.

Dada na kaka zangu, ulizeni maswali haya kabla hamjatoa hata mia: uzazi unaanza lini, magonjwa ya zamani yanaanza lini, kulazwa kikomo ni shilingi ngapi, matibabu ya nje kikomo ni ngapi, na hospitali gani za mtaani kwenu zinapokea. Jibu liwe la maandishi.

#12 Wakala Mwema

Mama Wawili, pole. Una haki kabisa. Anayeficha ukurasa wa nne anatuharibia wote.

#13 Nesi wa Zamu

Nimesoma toka juu. Niko wodini miaka 16, naongea ninachokiona.

Wakala anasema watu wanaingia wakiwa wagonjwa. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine iko upande wetu wa dirisha. Kadi moja inatibu ukoo. Anakuja mtu na kadi ya kaka yake, picha ina ndevu, yeye hana, anasema nimenyoa. Ukimkatalia mnagombana, na mgonjwa yuko hoi. Halafu kuna vituo vinavyoandika kipimo ambacho hakikufanyika. Kila karatasi ya uongo inalipwa na hela ya mchangiaji. Mfuko ukibana, unashusha bei unazowalipa hospitali. Hospitali nazo zinagoma. Mnakumbuka Machi 2024, kitita kipya cha huduma na bei za NHIF kilipoanza tarehe 1, hospitali za binafsi zikatangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa NHIF? Walikaa wakayamaliza siku chache baadaye, lakini siku zile mtu alikuwa na kadi mkononi na hana pa kwenda.

Na kitu kimoja ambacho mtoa mada hakukisema. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 kwenda juu wasio na uwezo, kwa sera ya afya wanatibiwa bure vituo vya serikali. Mara nyingi utaambiwa kanunue glovu na dripu, hilo silipingi, nimeshalisema mwenyewe kwa mdomo wangu kwa mama wa watu na nikaona aibu. Lakini kumuona daktari na kitanda hulipi. Watu hawajui, wanakopa.

#14 Kahawa Chungu

Nesi, sasa wewe ndiye unanipa nguvu. Kadi mkononi na hakuna pa kwenda, ndicho nilichosema. Hela yangu kwenye simu haijawahi kukataliwa dirishani.

@Mchomeleaji simu yako ilikuwa tupu kwa sababu uliichanganya na ada na kodi. Fungua laini nyingine, mpe mkeo namba ya siri.

#15 Nesi wa Zamu

Kahawa Chungu, laini nyingine itakuwa na shilingi ngapi ukiweka mwaka mzima? Laki tatu? Figo zikigoma utasafisha damu mara tatu kwa wiki. Laki tatu haivuki mwezi. Nakuombea isikufike kaka yangu, lakini nimewaona wenye viwanja wakiuza viwanja.

#16 Mzee wa Igunga

Vijana, hamjambo. Mnaizungumza CHF kama kitu cha juzi. Ilianzia kwetu Igunga mwaka 1996, nikiwa katibu wa kamati ya zahanati. Kaya ilichangia 5,000. Na serikali ilikuwa inaongeza kiasi hicho hicho, tuliita tele kwa tele. Kijiji kikichangia laki tano, zinakuja laki tano nyingine. Nilisimama mkutanoni nikasema shilingi yako moja inazaa pacha. Mfugaji aliuza mbuzi mmoja, akalipia kaya, akabaki na chenji.

Ninyi mnasema mtu aliyejiajiri hachangii kwa sababu hana wa kumkata. Wasukuma na Wanyamwezi wa kwetu hawakuwa na wa kuwakata, na walichangia. Walichangia baada ya mavuno ya pamba, hela ikiwa ipo. Wengine wanasema watu wanasubiri waugue. Walichangia wakiwa wazima. Kilichowatoa ni kufika zahanati na kadi na kukuta kabati la dawa lina buibui. Mara ya kwanza mtu anavumilia. Mara ya pili anamwambia jirani. Mwaka unaofuata hukuti mtu kwenye mkutano.

Kwa hiyo mimi nasema, jaza kabati kwanza. Mengine yatafuata.

#17 Dada Cherehani

Shikamoo mzee. Hapo kwenye msimu wa mavuno umesema jambo kubwa. Mimi msimu wangu ni Idi na Krismasi, na sare za shule Januari. Bima yangu inaisha mwezi wa tano, mwezi ambao hata sindano naikopa. Mwaka jana niliomba moyoni wangenisogezea tu tarehe.

#18 Mzee wa Igunga

Marahaba mwanangu. Muulize mwandikishaji kama unaweza kuilipia Januari hata kama haijaisha, upate kuvuta tarehe.

#19 Kigali Yetu

Naandika kutoka Rwanda, mimi ni Mtanzania nafanya biashara ya nafaka huku. Hapa kuna mutuelle, bima ya afya ya jamii, na ni lazima tangu sheria ya 2007. Watu wengi walilipa faranga 3,000 kwa kichwa kwa mwaka, wenye uwezo mkubwa 7,000, na maskini wa mwisho walilipiwa. Kituo cha afya unaongeza faranga 200, hospitali unalipa asilimia 10 ya bili. Mwaka wa bima unaanza Julai. Kuanzia Machi unaona vikundi vya kuweka akiba mitaani, wanaviita ibimina, vinahesabu nani bado.

Wakala yuko sahihi. Bila lazima, wazima wanakaa nje. Mzee naye yuko sahihi. Mimi naona lazima inakuja kwanza, ndipo kabati linajaa.

#20 Karani wa Hesabu

Kwetu nako lazima ipo kwenye karatasi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge liliipitisha Novemba 2023. Muswada wenyewe uliingia 2022 ukarudishwa, na kwenye mjadala ule zilitajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Watu walilalamika sana kwamba ni nyingi. Sheria imetaja pia vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo, ushuru wa vinywaji baridi, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha.

Nimepiga hesabu. 340,000 ukigawa kwa siku 365 ni kama 932 kwa siku. Kwa siku, ni hela ya vitumbua. Kwa mkupuo, ni mtaji wa mama mihogo.

#21 Mama Wawili

Vipodozi!! Kwa hiyo mimi nitachangia mara mbili 😅

#22 Binti wa Ng'ambo

Na sie wa Unguja mtusikilize. Tangu 1964 tumelelewa tukijua tiba ni bure, bibi yangu mpaka leo ukimwambia bima ya afya anauliza bima ya nini mwanangu. Mwaka 2023 ukaanzishwa Mfuko wa Huduma za Afya, na walioanza ni watumishi wa umma. Basi ni yale yale aliyosema mchomeleaji. Mwenye mshahara hupita mbele, muuza juisi Darajani hungoja.

#23 Mpiga Picha wa Harusi

Baada ya kuchekwa kule juu nimefanya utafiti wangu. NSSF, wale wa mfuko wa pensheni, nao wanapokea tuliojiajiri, na wana fao la matibabu. Mimi mjomba wangu alikuwa mwanachama, alikuwa anachagua hospitali moja na anatibiwa hapo na familia. Kwa hiyo hela moja inakwenda uzeeni na hospitali. Kabla hujachangia uliza kiwango gani kinakuingiza kwenye matibabu, maana siyo kila kiwango.

#24 Boda Kirumba

Sasa mnisaidie. Mimi pikipiki ina bima, stika iko mbele. Nikianguka si wananitibu?

#25 Wakala Mwema

Hapana kaka. Kama ile ni ya mhusika wa tatu, inamlipa yule uliyemgonga. Wewe uliyekuwa umeshika usukani haikuhusu. Bima ya chombo siyo bima ya mwili wako. Mwambie kila dereva kijiweni kesho asubuhi, nakuomba.

#26 Boda Kirumba

Duh. Miaka minne najua nimekingwa. Mwezi uliopita mwenzetu alivunjika paja, tulipitisha kofia stendi nzima kumpeleka hospitali ya Bugando. Kumbe wote tuko hivyo hivyo. Kesho nawaambia.

#27 Mtumba wa Gikomba

Boda wa Mwanza, pole kwa mwenzenu. Hapo hapo mnapopitisha kofia, mna orodha ya watu. Hiyo orodha ni kikundi tayari. Sisi tulianza hivyo, baada ya kuchangia maiti watatu mwaka mmoja.

#28 Mchomeleaji wa Buza

Nimerudi wakuu. Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa Jumatatu, mtendaji akanipa namba ya mwandikishaji. Wakati nasubiri nikaongea na mafundi wenzangu wa mstari wetu. Tuko tisa, wachomeleaji, seremala, fundi magari na mama wa chakula. Tumekubaliana kijumbe wetu afungue mchezo wa pili, 1,000 kila siku ya kazi, wa kadi tu. Anayetoka wa kwanza ni seremala, mkewe ana presha. Fundi magari kapinga, anasema tunaanza na mgonjwa, hela zitaishia kwake. Wakala, ni maneno yako yale yale, na yeye hajausoma uzi huu.

Mzee wa Igunga, nilipita pia kwenye zahanati yetu kabla ya kuamua, nikaangalia kabati kama ulivyosema. Dawa ya malaria ipo, ya presha wameandika ubaoni kwamba inakuja.

#29 Kahawa Chungu

Mchezo umevunjika mara ngapi mtaani kwako mkuu? Kijumbe akihama na hela?

#30 Mchomeleaji wa Buza

Mara moja, 2017. Huyu wa sasa ndiye aliyenipa hela saa tisa usiku.

#31 Nesi wa Zamu

Mkuu, naomba nikuulize kwa upendo. Hapo juu umesema una vijana wawili. Umekuja na swali la anikate nani. Na wao, anawakata nani?

#32 Karani wa Hesabu

Swali zito hilo. Sheria ya 2023 inamtaka mwajiri amsajili mfanyakazi wake, na haisemi mwajiri mkubwa tu.

#33 Dada Cherehani

Nesi umenichoma na mimi. Nina wasichana watatu kwenye vyerehani. Nawalipa kwa nguo, siyo kwa mwezi. Sijui mimi ni mwajiri au ni fundi mwenzao.

#34 Wakala Mwema

Kwa bima, wasichana watatu na wewe ni watu wanne. Kundi dogo, lakini ni kundi.

#35 Mchomeleaji wa Buza

Nesi, nimekaa na swali lako siku mbili. Nawalipa kwa kazi, geti likitoka kila mtu anapata chake, na sikuwahi kujiita mwajiri. Lakini cheche ikiruka jichoni kwa kijana wangu, simu nitaipiga mimi, kama nilivyopiga ile.

Jana jioni tukizima mashine niliwaambia. Nikasema nitoe 500 kwa siku kwa kila mmoja, naye atoe 500, tuingie wote kwenye mchezo wa kadi. Mkubwa, ana mke na mtoto, alikubali palepale. Mdogo akaniomba ile 500 yangu nimpe mkononi, kwa sababu anadaiwa chumba. Sikumlazimisha. Sina hakika kama nilifanya vizuri kutomlazimisha.

Halafu akaniuliza, siku nikiondoka kwako bosi, kadi inabaki ya nani? Nimemwambia nitawauliza ninyi.

#36 Kigali Yetu

Mlazimishe. Atakushukuru akiwa wodini.

#37 Kahawa Chungu

Usimlazimishe. Kulala nje nako ni ugonjwa.

#38 Nesi wa Zamu

Kadi ni yake, jina lake na picha yake, akihama nayo ni yake mpaka tarehe iishe. Wa kumlipia mwaka unaofuata ndiyo swali. Na mnunulie miwani ya kuchomelea leo, hiyo haisubiri mchezo.

#39 Mchomeleaji wa Buza

Miwani wanayo, hawaivai. Kuanzia kesho mashine haiwashwi mpaka wote wawe wamevaa.